Somo la Bustani: Maua ya Maboga

Leo tutajifunza juu ya maua ya maboga katika bustani ya nyumbani.

Hapa Tabora mvua kwa kawaida huanza mwezi wa Novemba. Zamani za misafara, katika karne ya 19, wapagazi wengi wa Kinyamwezi walisafiri baina ya Tabora na Bagamoyo wakati wa kiangazi. Mvua ilipokaribia walitaka kuwa kwao, washike majembe. Walijua kwamba asiyepanda mapema huona njaa kabla ya nafaka kukomaa.

Katika miezi hiyo maboga ni msaada mkubwa. Ukipanda mbegu penye samadi, mche hutokeza baada ya wiki moja hivi. Majani yake machanga ni mboga tamu, hasa yakipikwa kwa karanga. Kisha maua ya manjano huchanua.

Hapo ndipo wengi hukosea. Maua ya kwanza huanguka yote, wala hakuna boga hata moja. Mwenye bustani husema, "Mmea huu ni tasa," akaung'oa. Ngoja, ndugu! Maua hayo ya kwanza ni ya kiume. Hayazai, na kuanguka ni desturi yake.

Mmea mmoja wa maboga una maua ya namna mbili. Ua la kiume lina kikonyo kirefu, chembamba. Ua la kike lina kiboga kidogo chini yake, nalo hutokea siku kadhaa baadaye. Unga wa manjano wa ua la kiume lazima ufike ndani ya ua la kike. Mpagazi wa unga huo ni nyuki, yule yule atupaye asali ya Tabora. Asipofika, kiboga hunyauka na kuoza.

Maua hufunguka alfajiri, nayo hufumba kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo usinyunyize dawa ya wadudu asubuhi. Ukiona nyuki ni wachache, chuma ua la kiume saa moja asubuhi, ondoa sehemu zake za manjano za nje, kisha pakaza unga wake katikati ya ua la kike.

Kazi ya wiki hii: kesho asubuhi nenda bustanini. Hesabu maua ya kiume, hesabu na ya kike, uandike katika daftari lako.

Mvumilivu hula mbivu. Kwaherini.