Kisu Mkononi mwa Mtoto: Usalama na Vifaa Halisi katika Elimu ya Awali



Nimechagua kuzungumzia jambo linalozua mabishano makali katika vikao vya wazazi. Mtoto wa miaka minne ameanza chekechea. Wiki ya pili anarudi nyumbani na kusema, "Leo nimekata tango." Kwa kisu? Kwa kisu. Kesho yake asubuhi mama yake yuko mlangoni kwa mwalimu mkuu, na baba anapiga simu kutoka kazini. Mwalimu anajitetea, mzazi anapandisha sauti, na mara nyingi shauri huishia hapo: visu, makasi na nyundo vinafungiwa kabatini, watoto wanapewa vya plastiki.

Nadhani pande zote mbili hupoteza katika suluhu ya namna hiyo, na anayepoteza zaidi ni mtoto. Hoja yangu ni hii. Ziko hatari ambazo mtoto anaziona na anaweza kufundishwa kuzikabili. Ziko pia hatari asizoweza kuziona, hata awe mwerevu kiasi gani. Wajibu wa shule ni kuziondoa hizi za pili na kumfundisha hizo za kwanza. Siku hizi tunafanya kinyume: tunaficha kisu anachokiona, tunaacha kisima kisicho na mfuniko.

Wasiwasi wa mzazi

Walimu wengi huuchukulia wasiwasi wa mzazi kama usumbufu. Mimi nauheshimu, na ndani yake nasikia mambo matatu yanayohitaji majibu tofauti.

La kwanza ni jeraha. Mzazi anajua kwamba mwalimu ni mmoja na watoto ni wengi. Hana sababu ya kuamini kwamba jicho la mwalimu litakuwa kwa mwanawe wakati kisu kinapoteleza. Hili ni swali la haki, nami nitalirudia kwa urefu.

La pili ni kazi. "Sikulipa ada mwanangu akamenye viazi." Kauli hii ina historia. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule ziwe na mashamba au karakana, wanafunzi wajifunze kwa kufanya na waone tunda la kazi yao. Wazo lilikuwa zuri. Lakini zipo shule ambazo utekelezaji wake uligeuka kuwa kulima shamba la mwalimu, kumchotea maji nyumbani kwake, na kufyeka uwanja kama adhabu ya kuchelewa. Mzazi aliyepitia hayo akimwona mwanawe na jembe dogo bustanini, anachokiona ni mgongo wake mwenyewe juani.

Kwa hiyo tuweke mpaka ulio wazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto wa Tanzania dhidi ya kazi za kinyonyaji, na shule haiwezi kujificha nyuma ya neno elimu ikafanya yale yale. Tujiulize: tunda la kazi ni la nani? Mtoto akichoka, anaruhusiwa kuacha? Je, kuna anayepewa kazi hiyo kama adhabu? Tango alilokata mtoto na liliwe na mtoto na wenzake, saa ile ile, mezani pale pale. Likienda kwenye chakula cha walimu, mzazi ana haki ya kuja juu. Ana haki hiyo pia akiona wasichana peke yao ndio wanaokata mboga, na wavulana peke yao ndio wanaogonga misumari.

La tatu halisemwi kwa sauti. Mzazi amehangaika ili mwanawe aepukane na jembe. Anataka kuona kalamu na daftari lililojaa. Kwake yeye nyundo chekechea ni kurudi nyuma. Huyu nitamjibu kwa mkono wa mtoto. Kushika penseli kunahitaji vidole vyenye nguvu, kifundo cha mkono kinachozunguka vizuri, na jicho linaloongoza mkono. Hayo hujengwa kwa kukamua kitambaa, kufinyanga udongo, kukata karatasi kwa makasi, kumimina maji na kugonga msumari. Mtoto wa miaka minne anayekalishwa kunakili herufi ukurasa mzima huchoka mkono kabla akili haijachoka, na hapo huanza kuchukia kuandika. Vifaa halisi ndiyo njia yenyewe ya kufikia kalamu.

Vifaa halisi vilitoka wapi

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya shule za matajiri. Historia inasema vingine. Tarehe 6 Januari 1907 daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Mtaa ule ulikuwa wa wafanyakazi maskini. Wazazi walishinda kazini, watoto wadogo walibaki wakizurura kwenye ngazi na kuchafua kuta, na wenye majengo walitaka mahali pa kuwaweka. Montessori aliwapa meza na viti vya kimo chao, na baada ya muda kazi za kweli: kufagia, kunawa, kuandaa meza, kugawa chakula.

Aliwapa vyombo vya udongo na vya kioo, vile vinavyovunjika, na alikuwa na sababu. Bilauri ya plastiki ikianguka hakuna linalotokea, kwa hiyo haimfundishi mtoto lolote kuhusu mkono wake. Bilauri ya kioo humweleza kosa lake yenyewe, bila mwalimu kufoka. Mtoto aliyezoea kubeba kioo hupunguza mwendo, hutazama anapokanyaga, hushika kwa mikono miwili. Hayo ndiyo mafunzo ya usalama.

Kwetu pia tunayo historia ya vifaa halisi. Mpango wa shule za awali za madrasa ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, kisha ukafika Zanzibar na Kampala, uliwaonyesha walimu kwamba vifuu, makombe ya pwani, mbegu na vibao vinatosha kufundishia. Na kabla ya mpango wowote, alikuwepo bibi na mbuzi ya kukunia nazi.

Tuitazame mbuzi ile. Ni kibao kifupi cha kukalia, chenye ulimi wa chuma wenye meno uliochomoza mbele. Ni kifaa chenye makali kuliko makasi yoyote ya chekechea, na vizazi vya watoto wa Pwani vimekitumia. Bibi hamkalishi mjukuu pale siku ya kwanza. Kwanza mtoto huokota vifuu vilivyokwisha. Kisha hukinga sinia chini ya meno. Kisha hupewa kifumbu akamue tui. Siku anapokalishwa, hushika nazi kwa mikono miwili, vidole vyote nje ya kifuu, na kuzungusha polepole kuanzia ukingoni. Huambiwa aache kabla hajafikia ganda la kahawia, kwa sababu tui litaharibika rangi. Sharti hilo la upishi linamfanya atazame meno yale kila sekunde. Bibi huyo hakwenda chuo cha ualimu, lakini alijua kupanga hatua.

Hatari isiyoonekana

Sasa takwimu, kwa sababu hofu inahitaji kipimo. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti ya dunia kuhusu kuzuia majeraha ya watoto. Walikadiria kwamba watoto wapatao 830,000 walikuwa wakifa kila mwaka kwa ajali. Chanzo kikubwa kuliko vyote kilikuwa barabara, watoto kama 260,000. Kisha kuzama maji, zaidi ya 175,000. Kisha kuungua, karibu 96,000. Kisha kuanguka, na kisha sumu. Kisu cha kukatia tango hakimo katika vitano hivyo.

Tuzitazame hatari hizo kwa macho ya mtoto wa miaka minne. Hawezi kukadiria mwendo wa gari linalokuja. Hajui kwamba pipa la maji lililojaa nusu linaweza kumzamisha. Sufuria ya uji iliyo juu ya kimo chake haioni. Chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa, kwake ni soda. Kabati lisilofungwa ukutani halimwambii kwamba akilipanda litamwangukia. Basi la shule lililojaa kupita kiasi, yeye analifurahia kwa sababu amepakatwa na rafiki.

Kisu ni tofauti. Makali yake yanaonekana, yanaguswa kwa tahadhari, na yanamjibu papo hapo. Kwa hiyo namwomba mzazi anayekuja shuleni kwa hasira ya kisu azungukie pia nyuma ya jengo: atazame tangi la maji, jiko, lango la barabarani na basi. Hasira yake ni ya thamani kubwa, na tunaihitaji huko.

Somo moja, hatua kwa hatua

Nimeahidi kulirudia swali la jeraha. Jibu lake limo katika namna somo linavyoendeshwa, basi nieleze somo moja.

Mezani wapo watoto wanne, hawazidi. Mwalimu amekaa nao, hasimami wala hazunguki. Darasa lililobaki liko kwenye kazi tulivu ambayo tayari wanaijua. Kila kibao cha kukatia kimewekwa juu ya kitambaa chenye maji kisiteleze. Mtoto amekaa, miguu imefika chini. Mkono mmoja umeshika mpini. Mwingine umeshika chakula, ncha za vidole zimekunjwa kwa ndani. Sharti ni moja na linakaririwa na wote: kisu hakitembei. Anayekitaka hukifuata mezani.

Siku za mwanzo wanakata ndizi mbivu kwa kisu cha mezani. Wakiizoea wanapewa kiazi cha kuchemsha. Kisha tango, kwa kisu kidogo chenye meno. Karoti mbichi huja mwisho, tena baada ya mwalimu kuipasua katikati ili ilale bapa, kwa sababu ni ngumu na inabingirika. Mwishoni mwalimu anahesabu mbele yao: vinne vimetoka, vinne vimerudi.

Zingatieni kwamba kisu lazima kilingane na kinachokatwa. Kisu butu kwenye tango humlazimisha mtoto kukandamiza kwa uzito wa mwili, na nguvu ikishazidi, kisu huteleza. Kisu cha kuchezea nacho kina madhara yake: humfundisha kwamba visu havikati, kisha huenda na imani hiyo jikoni kwao. Nyundo ni hivyo hivyo. Nyundo nyepesi ya chuma, gogo laini, na msumari ulioshikwa kwa kibanio cha nguo badala ya vidole. Mtoto aliyeanza hivyo hujua kupima pigo.

Je, hawatajikata kabisa? Watajikata, mara chache, mikato midogo inayohitaji maji safi na plasta. Simdanganyi mzazi kwa hilo. Wala simkubali anayekimbilia methali ya mtoto akililia wembe mpe. Methali hiyo inaacha jeraha lifundishe, na kumwacha mtoto wa watu aumie ili ajifunze ni kuikimbia kazi ya ualimu. Bibi wa mbuzi hakumpa mjukuu wembe, alikaa naye.

Madai yangu

Shule inayotaka kutumia vifaa halisi kwanza istahili. Iwaalike wazazi kabla ya muhula kuanza, wakae kwenye viti vile vidogo na kukata ndizi kwa masharti yale yale ya watoto. Iwe na sanduku la huduma ya kwanza lililojaa na mtu aliyefunzwa kulitumia. Mtoto akijikata, mzazi aambiwe siku hiyo hiyo na mwalimu mwenyewe, asisubiri kusimuliwa na mtoto. Vifaa vihesabiwe na kufungiwa kila siku.

Na shule isiyoweza hayo isitumie visu. Nasema hivi nikiwafikiria walimu wengi wa umma. Kiwango chetu Tanzania ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja katika darasa la awali. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, watoto wameandikishwa kwa wingi, jambo la kushangilia, lakini yapo madarasa yanayozidi kiwango hicho mara mbili na zaidi. Mwalimu wa darasa kama hilo asilaumiwe akiacha kisu. Aanze na udongo, maji, ufagio, kamba na mbegu, vitu halisi visivyo na makali. Lawama iende kwa sisi tunaopanga bajeti na tunaokaa kimya zinapopangwa.

Kwa vyuo vya ualimu, pamoja na hiki chetu, nina ombi. Mwanafunzi wa elimu ya awali leo anaweza kuhitimu akiwa ameandika insha ndefu kuhusu Montessori bila kuwahi kukaa na watoto wanne na visu vinne mezani. Tumpime kwa vitendo. Asipoweza kuliongoza somo hilo kwa utulivu, asipewe cheti mpaka aweze.

Mzazi anapouliza, "Mna hakika mwanangu yuko salama?" asijibiwe kwa kufungiwa vifaa, wala asiambiwe kwamba ana hofu ya bure. Ajibiwe na mwalimu anayejua kila kifaa kilichomo darasani, anayejua kila mtoto amefikia hatua gani, na aliye tayari kumvutia mzazi kiti aone mwenyewe. Kumwandaa mwalimu huyo kuna gharama, na ni gharama ambayo serikali, vyuo na wenye shule tunaweza kuilipa tukiamua. Naomba tuamue.