Ndama wa Samiri na Filamu ya Rwanda

Tungependa kuzungumzia picha iliyopewa sauti.

Ndama wa Samiri, kwa mujibu wa Suratul A'raf (7:148), alikuwa kiwiliwili chenye mlio. Watu walijua kuwa ametokana na mapambo yao wenyewe, mlio ukawashinda. Naye Nabii Musa (A.S.) alipopewa khabari hakuzitupa mbao; alizitupa alipoona. Ndipo Mtume (S.A.W.) akatufundisha kuwa khabari si sawa na kuona.

Je, kutazama filamu ni kuona? Vijana wetu hapa Nemba husema wameiona Rwanda ya 1994, kwa kuwa wametazama Hotel Rwanda ya mwaka 2004. Sehemu kubwa yake ilipigwa Afrika Kusini, na waliomo ni waigizaji. (Mtengenezaji hakulificha hilo.) Ilhali daraja la Rusumo lipo Ngara, mkoa wetu huu huu! Mwishoni mwa Aprili 1994 walilivuka watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 kwa muda wa siku moja hivi, wakatua Benaco. Runinga za dunia zilionesha mahema na njaa. Lakini miongoni mwa wenye njaa walikuwamo wauaji, na kioo hakiwabainishi.

Wazee walioshuhudia wangali nasi, wala hawaulizwi. Tumewaomba waje madrasa Jumamosi baada ya Alasiri. Vijana waje na madaftari. Wazee wakikhitilafiana, hayo nayo yaandikwe.