Kalavati la Bati la Vipande: Kuvusha Mazao Wakati wa Mvua

Leo sitazungumza juu ya mbegu, wala mbolea, wala dawa ya wadudu. Nitazungumza juu ya kitu kilicholala chini ya ardhi, watu wanapita juu yake kila siku wala hawakioni. Nacho ni kalavati.

Sasa labda utauliza: mimi ni mkulima, kalavati linanihusu nini? Hiyo ni kazi ya watu wa barabara. Ngoja kidogo, ndugu yangu, nikusimulie jambo.

Kule milimani, upande wa Uluguru, nilifika kijiji kimoja wakati wa masika. Njia ya kwenda barabara kuu ilivuka kijito kidogo, kiangazi unakiruka kwa hatua moja. Juu yake yaliwekwa magogo, na magogo yakaoza. Wanakijiji wakapata shauri: wakachukua mabati ya kuezekea, yale membamba ya geji 30, wakayakunja yakawa bomba, wakafunga kwa waya na kufukia udongo. Mimi nilikuwapo. Nilisifu bidii yao, nikapiga makofi pamoja nao, wala sikusema neno. Baada ya juma moja likaja lori kuchukua ndizi. Gurudumu la nyuma likazama, bomba likakunjamana kama karatasi, na usiku ule mvua ikanyesha. Asubuhi hapakuwa na njia, palikuwa na korongo. Ndizi zilizokwisha katwa zililala kando ya njia siku tisa. Ninyi wenyewe mnajua ndizi ya siku tisa inavyokuwa.

Ndugu zangu, kosa lile lilikuwa langu pia, maana aliyejua na kunyamaza amekosa kuliko asiyejua. Ndiyo sababu leo nataka niseme yale niliyopaswa kuyasema siku ile.

Kwanza tujue tofauti. Bati la kuezekea na bati la kalavati ni ndugu, lakini si kitu kimoja. Bati lenye migongo lilibuniwa London na mhandisi Henry Robinson Palmer, aliyepata hati yake mwaka 1829. Mwaka 1837, huko Ufaransa, Stanislas Sorel akapata hati ya kuchovya chuma katika zinki ili kisishike kutu. Kisha mwaka 1896, katika mji wa Crawfordsville, jimbo la Indiana, Marekani, James Watson akapata hati ya bomba la kalavati la bati lenye migongo. Bati la nyumba la geji 30 lina unene wa kadiri ya sehemu tatu za kumi za milimita. Bati la kalavati huanzia kadiri ya milimita moja na nusu, yaani mara tano ya lile, na yapo manene zaidi.

Tofauti ya pili ni mwelekeo wa migongo. Katika kalavati migongo huzunguka bomba kama pete, haiendi kwa urefu wake. Kila mgongo ni pete moja, na pete hizo ndizo zinazobeba mzigo.

Sasa hili bomba la vipande ni la namna gani? Halitoki kiwandani likiwa zima. Linakuja nusu nusu, kila nusu mfano wa mgongo wa kobe. Nusu hizo hupangwa moja ndani ya nyingine kama sahani kabatini, na kwa hiyo gari moja dogo hubeba bomba refu. Kipande kimoja watu wawili wanakibeba begani mpaka penye mto, hata pale ambapo gari haliwezi kufika. Bomba la zege la upana wa sentimita 90, urefu wa mita moja tu, lina uzito wa zaidi ya nusu tani. Nani atalipandisha mlimani kwa mikono?

Nusu hizo huungana kwa njia mbili. Nyingine zina upindo pembeni wenye matundu. Unapita boliti na kukaza nati kwa spana. Nyingine zimekatwa mapengo kingoni, hata meno ya nusu hii yakaingia katika mapengo ya nusu ile, zikashikana. Namna zote mbili ni nzuri, ila usichanganye vipande vya namna mbili katika bomba moja.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni ukubwa wa bomba. Usipime kijito wakati wa kiangazi ukadanganyika. Waulize wazee maji yalifika wapi mwaka wa mvua kubwa, kama zile za El Niño za mwaka 1997 na 1998, au za mwanzo wa mwaka 2024. Tafuta takataka zilizonasa katika vichaka, ndizo alama ya maji. Pima upana na kina mpaka alama ile. Tuseme upana ni mita moja na kina cha wastani ni robo mita: eneo la maji ni robo ya mita ya mraba. Bomba la sentimita 60 lina eneo linalozidi kidogo tu hapo. Je, linatosha? Halitoshi. Mafuriko huja na matawi na magugu. Tena migongo ya bati huyapunguza maji mwendo: bomba la bati la sentimita 60 hupitisha maji kama bomba laini la zege la sentimita 45 hivi, ikiwa mteremko ni ule ule. Kwa hiyo kwa kijito kidogo cha shambani chukua eneo mara mbili, yaani hapa bomba la sentimita 90. Kama kijito ni kikubwa kuliko hicho, usikisie, mwite mhandisi.

Jambo la pili ni urefu. Wengi hununua bomba fupi ili kubana fedha, na kingo za njia zinabomoka. Njia ya mita nne, yenye bomba la sentimita 90 na udongo wa sentimita 45 juu yake, ikiwa na kingo zilizolala vizuri, yahitaji bomba la mita nane. Ukijenga ukuta wa mawe kila mdomo, mita tano zaweza kutosha.

Jambo la tatu ni kitanda. Chimba mtaro wenye nafasi ya kadiri ya sentimita 45 kila upande wa bomba, ili mtu asimame na kushindilia. Ondoa mawe na mizizi. Ukikuta mwamba, uchimbe zaidi na kujaza changarawe laini, maana bomba likikaa juu ya jiwe moja linatoboka hapo hapo. Funga kamba kwenye vigingi, tumia pimamaji, na uupe mteremko wa sentimita moja au mbili kwa kila mita. Ukiwa mdogo mno, mchanga unajaa. Ukiwa mkali mno, maji yanachimba upande wa kutokea.

Jambo la nne ni kuunga. Anza upande wa chini, kule maji yanakotokea, ukipanda kuelekea yanakotoka. Panga nusu za chini kwanza. Kila kipande kipya mdomo wake ukae ndani ya kile kilichotangulia, ili maji yateleze juu ya maungio bila kuingia chini yake, kama maji ya mvua juu ya makuti. Kisha weka nusu za juu. Angalia sana hapa: maungio ya juu yasikutane na maungio ya chini mahali pamoja. Yapishane, kama mwashi anavyopishanisha matofali. Ndiyo sababu hutolewa kipande kifupi cha kuanzia. Msikitupe mkidhani kimekosewa. Boliti zote zitiwe kwanza zikiwa zimelegea, bomba likae sawa, ndipo zikazwe zote.

Jambo la tano ndilo kubwa kupita yote, na ndilo watu hulidharau. Ni kushindilia. Chukua kopo tupu lililoondolewa mifuniko yote miwili. Lilaze mezani ulikanyage kwa mkono: linalala, na mbavu zake zinatoka nje. Sasa lilaze katika mchanga ulioshindiliwa vizuri pande zote, ulikandamize tena. Linakataa, kwa sababu mbavu hazina pa kutokea. Bomba la bati ni vivyo hivyo. Nguvu yake nusu ni chuma, nusu ni udongo wa ubavuni. Bomba zuri lenye udongo uliolegea litabonyea. Kwa hiyo jaza kwa matabaka ya sentimita 15, tabaka moja kulia, tabaka moja kushoto, ukishindilia kila mara. Usijaze upande mmoja ukaacha mwingine, utalisukuma bomba. Pale chini ya mapaja ya bomba, ambapo jembe halifiki, shindilia kwa ncha ya mti. Usitumie udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba, wala wenye majani. Juu ya bomba pasipungue sentimita 30 za udongo ulioshindiliwa, na kwa malori yenye mzigo sentimita 45 ni salama zaidi. Kabla ya hapo gari lolote lisipite, hata kama dereva ni mjomba wako.

Jambo la sita ni milango. Weka mawe upande wa kuingilia ili maji yasipenye kando ya bomba, na tandaza mawe makubwa upande wa kutokea ili nguvu ya maji ivunjike.

Hapa narudi kule Uluguru. Kiangazi kilichofuata wanakijiji walichanga, wakapata bomba la vipande, wakaliweka vizuri, nami safari hii sikunyamaza. Lori likapita. Lakini masika yalipoanza, mzee mmoja mwenye shamba chini ya njia alikuja mkutanoni akiwa amekasirika. Akasema, "Wanangu, zamani maji yalikuja kwangu yametawanyika. Sasa mmeyakusanya yote, mmeniletea kwa mdomo mmoja, na maharage yangu yamekwenda mtoni. Njia yenu imepona kwa shamba langu."

Watu walikaa kimya. Mzee alisema kweli. Mwenyekiti akamwambia, "Mzee wetu, shikamoo, na utusamehe. Tulipima bomba, hatukupima shamba lako." Kesho yake watu walikwenda kwa zamu. Walitandaza mawe penye mdomo, wakachimba mfereji wa kukingama wenye mteremko mdogo mpaka kwenye mkondo wa asili, na kingoni wakapanda majani ya matete. Hawakulipa fedha, walilipa jasho. Shamba likapona.

Maji hufuata mkondo, na ukibadilisha mkondo umembadilishia mtu maisha. Kwa hiyo kabla hamjachimba, mketi na wenye mashamba ya juu na ya chini. Kama njia ni ya serikali, msichimbe bila kibali. Kwa Tanzania bara, barabara za wilaya zipo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017. Pitieni kwa mtendaji wa kijiji ili mhandisi aje aone.

Mwisho, utunzaji. Zinki hulinda chuma, lakini haiishi milele. Adui zake ni maji ya chumvi, udongo wenye asidi kali, na mchanga unaosugua sakafu ya bomba. Kutu huanzia chini, mahali pasipoonekana. Penye hatari hiyo, omba bomba lililopakwa lami sehemu ya chini, na mwambao wa bahari fikiria zege. Kila baada ya mvua kubwa mtu mmoja aende na jembe na panga, aondoe matawi. Kila kiangazi achungulie ndani kwa tochi: kama bomba limebonyea, au mchanga umejaa, au boliti zimeng'olewa na wauza vyuma chakavu, atoe taarifa mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kalavati lisilozibuliwa hujenga korongo.

Nakumbusha kwa ufupi: pima maji ya masika, si ya kiangazi, nunua urefu wa kutosha, tengeneza kitanda, pishanisha maungio, shindilia pande zote mbili, na mkumbuke jirani wa chini. Kazi hii ifanywe kiangazi, si siku mawingu yamekwisha tanda.

Nawatakieni kazi njema na mavuno mema, tena mavuno yatakayofika sokoni.