Mkali, Mvivu, Mlafi: Tabia ya Mbwa Kama Dalili ya Kwanza



Ng'ombe akiugua, ndoo ya maziwa inasema siku ile ile. Kuku akiugua, mayai yanapungua. Mbwa hakamuliwi, hatagi, wala hauzwi kwa kilo. Mwenye mbwa hana cha kupima isipokuwa mwenendo wake, na ndiyo maana ni nadra mtu aniambie, "Daktari, mbwa wangu ana homa." Husema, "Huyu siku hizi amekuwa mkali." Au, "Huyu mvivu, wezi wanapita yeye kalala." Au, "Huyu mlafi, anakula hata udongo." Anachoniletea ni mashtaka, na mara nyingi hukumu ameshaitoa nyumbani.

Hoja yangu ni kwamba mashtaka hayo ndiyo dalili. Mbwa aliyebadilika tabia achunguzwe mwili kwanza, kisha mazingira yake, na malezi yaje mwisho. Wengi wetu tunaanza na fimbo.

Mzee mmoja alinijia na mbwa wa kienyeji, wa rangi ya kahawia, aliyemng'ata mjukuu wake mkononi. Mtoto alikuwa anampapasa kichwa kama alivyofanya siku zote. Mzee alikuwa ameshaamua mbwa auawe. Alikuja tu kuuliza sindano ni bei gani. Tulimfunga mbwa mdomo kwa bendeji, nikainua sikio la kushoto. Kupe walikuwa wamejipanga kuanzia ukingoni mpaka kwenye tundu la sikio, wamevimba, rangi ya kijivu, wamebanana hata ngozi huioni. Chini yao palikuwa na usaha wenye harufu. Nilipogusa manyoya tu, mbwa alirudisha kichwa nyuma na kutoa sauti ambayo hata mzee hakuwahi kuisikia kwake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe alikuwa anaumwa, Daktari."

Alikuwa anaumwa, lakini hilo halikufuta habari ya mtoto. Mtoto alipelekwa hospitali kupata chanjo ya kichaa cha mbwa, na mbwa akafungiwa chini ya uangalizi kwa siku 10. Maumivu yanaeleza kwa nini mbwa aling'ata. Hayathibitishi kwamba hana kichaa. Mambo haya mawili yaende pamoja, na nitayarudia baadaye.

Kwanza tumalize habari za kupe. Yule wa kahawia anayewapata mbwa wetu anaishi nyumbani kwenu zaidi kuliko anavyoishi juu ya mbwa. Hunyonya, huanguka, hujibadilisha akiwa ukutani, hupanda tena; hufanya hivyo katika kila hatua ya ukuaji wake. Jike akishashiba hutafuta ufa wa ukuta, pembe ya banda au chini ya bati, akataga mayai kwa maelfu. Ukimwogesha mbwa Jumamosi ukaacha nyufa za banda zilivyo, Jumamosi ijayo utaniambia dawa ni feki. Huenda dawa haina kosa lolote. Ziba nyufa, choma matandiko ya zamani, fagia, nyunyizia kuta dawa iliyoandikwa kwa kazi hiyo.

Na dawa ya josho la ng'ombe isikadiriwe kwa macho. Nimeona mbwa wakitetemeka, wakidondosha mate na kuyumba kwa sababu mtu aliona kipimo cha kwenye chupa ni kidogo, akazidisha. Kuhusu oili chafu ya gari inayopakwa mbwa mwenye upele, sina maneno ya upole: inaunguza ngozi, mbwa anailamba, na ini na figo zinalipa. Upele unatibika kwa dawa ambayo afisa mifugo wa kata anaijua.

Kupe huyo huyo ndiye anayeleta "uvivu". Hubeba vijidudu vinavyoingia ndani ya chembe nyeupe za damu. Mbwa hupata homa wiki chache, hukataa chakula, kisha huonekana amepona. Miezi inapita. Halafu anaanza kulala mchana na usiku, anakonda, siku moja damu inamtoka puani na watu wanasema amerogwa au amepewa sumu na jirani. Kuna kipimo kisichohitaji maabara. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole, achia. Palipobonyezwa patakuwa peupe. Rangi irudi kabla hujamaliza kusema "moja, mbili". Ufizi wa mbwa mzima una rangi ya waridi, labda uwe na weusi wa asili. Ukiwa umepauka, usimwite mvivu, mlete. Na akipewa vidonge vya wiki nne, vimalizwe. Siku ya tano atasimama na kutikisa mkia, na hapo ndipo wengi huweka vidonge vilivyobaki kabatini.

Sasa nije kwenye ukali wenyewe, maana hapa ndipo kuna mabango ya "Mbwa Mkali" getini. Watu wengi mjini hufuga mbwa kwa sababu ya wezi, na hilo ni sawa kabisa. Tatizo ni namna tunavyomtengeneza. Mtoto wa mbwa hutolewa kwa mama yake akiwa na wiki nne, akafungiwa kwenye banda nyuma ya nyumba asizoee watu, ili awe mkali. Kati ya wiki ya tatu na takriban ya kumi na mbili au kumi na nne, ubongo wa mbwa unapokea dunia: watu, watoto, baiskeli, kuku, sauti ya pikipiki. Asichokutana nacho wakati huo atakiogopa ukubwani. Kwa hiyo unayempata ni mbwa mwoga, tena mwoga wa kila kitu. Anambwekea mwizi, muuza maziwa, mama mkwe na upepo. Baada ya mwezi mmoja hakuna mtu nyumbani anayeamka akibweka. Mlinzi wa aina hiyo ana faida gani?

Kisha tunamtia mnyororo. Mbwa akiogopa ana njia kadhaa: ageuze uso, alambe midomo, asimame kama amegandishwa, aoneshe weupe wa jicho, aondoke, angurume, na mwisho ang'ate. Mnyororo unamwondolea ile ya kuondoka. Sisi, kwa kumpiga kila anaponguruma, tunamwondolea na ile ya kuonya. Mbwa anayesemwa kwamba "ameng'ata bila sababu" mara nyingi ni mbwa aliyefundishwa kwa fimbo asitoe onyo. Na kutikisa mkia si ahadi ya amani. Mkia uliosimama wima ukitikiswa kwa haraka, juu ya mwili mkakamavu, unamaanisha kaa mbali. Watoto hawajui haya, ndiyo maana wao ndio wanaong'atwa usoni. Waambieni: mbwa anayekula, aliyelala, mwenye vitoto au aliyefungwa haguswi, hata kama ni wa nyumbani.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 ipo, na inakataza kumtesa mnyama. Sina haja ya kumtisha mtu kwa sheria. Mnyororo mrefu unaoteleza kwenye waya, kivuli kinachofuata jua, maji yasiyopinduka na matembezi kabla ya kulala vingepunguza nusu ya kesi za ukali ninazoletewa. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoa kwa kuhema. Aliyefungwa juani saa saba mchana bila maji anakuwa na hasira, na mnaijua sababu.

Najua kwamba kwetu, hasa pwani, wapo wasiomgusa mbwa kwa sababu ya udhu, na hilo liheshimiwe. Lakini Uislamu huo huo umeruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda, na kisa cha aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu kinafundishwa madrasa. Kumwekea mbwa maji na kumpeleka kwenye chanjo hakuhitaji kumkumbatia.

Mlafi nitampitia haraka. Mbwa mdogo mwenye tumbo la mviringo, mbavu zinazohesabika na hamu isiyokwisha ana minyoo mpaka ithibitike vinginevyo. Huipata tumboni mwa mama na katika maziwa yake, kwa hiyo dawa ianze akiwa na wiki mbili, irudiwe kila baada ya wiki mbili hadi aache kunyonya, na mama naye apewe. Kinyesi kizolewe, maana watoto wetu wanacheza kwenye udongo ule ule. Na matumbo mabichi ya machinjioni yasitupiwe mbwa. Kule Turkana, Kenya, watu wengi walipasuliwa kutolewa vifuko vya maji kwenye ini na mapafu. Anayesababisha vifuko hivyo ni tegu mdogo anayeishi kwenye utumbo wa mbwa, na mbwa humpata kwa kula viungo vya mifugo vyenye vifuko hivyo.

Jambo moja la chakula halisemwi vya kutosha. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mama ameona hayafai kwa watoto, husagwa yakawa "unga wa mbwa". Sumukuvu iliyomo haiishi kwa kusonga ugali. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mbwa naye ni dhaifu mbele yake: anaacha kula, anatapika, macho yanakuwa ya njano, anakufa, na jirani anashukiwa. Kama hayafai kwa mtoto, hayamfai mbwa, na kuku asipewe pia.

Nimefika kwenye kichaa. Hapa tabia huwa dalili ya kifo, cha mbwa na cha mtu. Virusi hupita kwenye mishipa ya fahamu kutoka kwenye jeraha hadi kwenye ubongo, polepole, kwa wiki au miezi, na wakati huo wote mbwa anaonekana mzima. Kisha anabadilika. Mpole anakuwa mkali, na mkali, jambo ambalo watu hawalitegemei, anaweza kuwa mpole kupita kiasi, akajificha chini ya kitanda, akabembeleza. Sauti ya kubweka inakuwa ya kukwaruza. Anatafuna mawe na vijiti. Taya linalegea, mate yanachuruzika kwa sababu koo halimezi. Hapo ndipo baba mwenye huruma husema, "Amekwamwa na mfupa," akaingiza mkono mdomoni kuutafuta. Nawaomba sana: mbwa anayedondosha mate na asiyeweza kumeza asiingizwe mkono mdomoni na mtu yeyote. Mfungieni, piteni mbali, pigeni simu kwa daktari wa mifugo.

Makadirio yanayotumika duniani ni vifo vya watu 59,000 kwa mwaka, karibu vyote kutokana na mbwa, na walio wengi ni Afrika na Asia. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna dawa. Kabla ya hapo, kinga ipo, na inaanza bombani: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 ukitazama saa, hata kama ni mkwaruzo. Usipake pilipili, mafuta ya taa wala majani. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, umalize sindano zote ulizopangiwa, hata ukisikia mbwa bado yupo hai, mpaka daktari aseme vinginevyo.

Je, ugonjwa huu unaweza kwisha? Pemba imejibu. Kampeni za kuchanja mbwa ziliutokomeza kisiwani mwaka 2014. Chanjo zikalegea, mwaka 2016 ukaingizwa upya kutoka nje, wakachanja tena, na mwaka 2018 ukatoweka kwa mara ya pili. Kinachohitajika ni kufikia mbwa 70 katika kila 100, kila mwaka, katika kila kijiji, maana kijiji kimoja kilichorukwa kinatosha kuutunza ugonjwa.

Kuwapiga mbwa risasi hakujibu kitu. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilipoingiliwa na kichaa mwaka 1997 waliua mbwa kwa maelfu mengi, na ugonjwa ukabaki. Sababu ni nyepesi: anayeuawa kwa urahisi ni mbwa aliyezoea watu, mara nyingi aliyechanjwa, mwenyewe anakwenda kutafuta mwingine kijiji cha pili, naye anakuja bila chanjo. Halmashauri zetu bado hununua risasi kwa hasira baada ya mtu kufa, ilhali fedha ya chanjo haikupatikana mwaka mzima.

Malizio yangu ni kwenu wanafunzi, mtakaosimamia foleni za chanjo chini ya miembe. Atakuja mtoto na ndoo yenye vitoto vinne vya mbwa, na mwenzenu mmoja atamwambia virudishwe, havijafikisha miezi mitatu. Kanuni hiyo inafaa kliniki ya mjini, ambako mteja atarudi baada ya mwezi. Kijijini hatarudi, kampeni nyingine ni mwaka kesho, na sehemu kubwa ya mbwa wa vijijini hawajatimiza mwaka mmoja. Shirika la Afya Duniani linaelekeza vitoto vichanjwe katika kampeni, na miili yao inaipokea chanjo. Wachomeni wote wanne, andikeni vyeti vinne, na mama yao akiwa amebaki nyumbani, mwambieni mtoto akamlete kabla hamjafunga sanduku la barafu.