Kifafa kina dawa. Je, ubaguzi wetu?



Vijana wa Bondeni na nyote mnaotufuata, leo tuzungumze kuhusu kifafa.

Sote twajua yanayotokea. Mtu huanguka barabarani, huyu akimbilia kiatu amnusishe, yule aleta kijiko amtie mdomoni, na wengine washatoa simu warekodi. Akiamka, jina lake limekuwa "yule wa kifafa". Dukani anaachishwa kazi. Msichana posa yake inavunjwa. Mtoto anatolewa chuoni, watu waogopa povu lake. Jamani, povu haliambukizi! Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, na waweza kumpata yeyote.

Tena kina dawa. Shirika la Afya Duniani lasema hadi watu 70 katika kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa sawasawa. Fenobabitoni, inayotumika tangu 1912, ni dawa ya bei nafuu. Basi mbona watu wetu bado wanaanguka? Utafiti uliofanywa jirani zetu Kilifi, ukachapishwa 2012, ulikuta zaidi ya nusu ya wagonjwa hawapati matibabu yafaayo. Miongoni mwa sababu: umbali wa hospitali, kulipia dawa, na imani kwamba hospitali haiwezi ugonjwa huu. Asiye na kazi hana nauli. Bila nauli, dawa hukatika. Dawa ikikatika, huanguka tena, na kazi ndiyo hapati kabisa.

Hii ni haki, si hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya. Kifungu cha 27 chakataza kumbagua mtu kwa hali yake ya afya.

Na dini yetu? Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa mwanamke aliyekuwa akianguka alimwendea Mtume (s.a.w.). Alimsikiliza, akamwombea stara yake isifunuke. Sisi ni nani wa kumrekodi mtu kama huyo?

Kisomo kisomwe, lakini dawa isiachwe. Ukimkuta ameanguka, mwekee kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, msitiri. Ikizidi dakika 5, mpelekeni hospitali. Jirani asiye na nauli ya kliniki, mchangieni. Mwenye duka, mpe kazi isiyomhatarisha, usimfukuze.

Allah awape shifa wagonjwa wetu, na sisi atupe huruma. Amin.