Kuomba Msaada wa Linux Mtandaoni
Mazungumzo kwa wakazi wa Fort Ternan



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza muda wa kuihudumia Windows 10. Laptopu nyingi zinazotumika mashinani ni za mitumba, zilizokwisha kufanya kazi miaka mingi ng'ambo kabla ya kufika hapa, na nyingi kati yake haziwezi kupokea Windows 11 kwa sababu toleo hilo linadai prosesa ya karibuni na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Mwenye mashine kama hiyo anabaki na njia chache. Anunue nyingine, aendelee kutumia ile ya zamani bila ulinzi kamili, ama aweke Linux, ambayo haina ada ya leseni na huenda vizuri hata kwenye mashine iliyozeeka.

Wengi wanaochagua Linux huiweka wenyewe, kwa kutumia kijisanduku cha USB na mwongozo waliousoma kwenye simu. Kuiweka kwenyewe si kazi kubwa. Shida huja siku kitu kinapoharibika. Fundi wa Windows hupatikana Kericho mjini, hata Muhoroni. Fundi wa Linux mara nyingi yuko Brazili au Ujerumani, anajibu maswali jioni baada ya kazi yake, halipwi chochote, na hajui Fort Ternan iko upande gani wa dunia. Kumfikia mtu huyo na kupata jibu linalofaa ni ujuzi, na ujuzi huo hauhitaji cheti chochote.

Mfugaji wa hapa anaujua tayari. Mfugaji anapompigia daktari wa mifugo simu na kusema "ng'ombe ni mgonjwa," daktari hawezi kufanya lolote ila kuuliza maswali, na salio linaisha. Anayesema kwamba tangu jana jioni ng'ombe hajacheua, upande wa kushoto wa tumbo umevimba, na mchana aliingia kwenye lusini mbichi yenye umande, huyo daktari ameshajua ni gesi kabla simu haijakatwa, na anamweleza la kufanya huku akitafuta pikipiki ya kumfikisha. Ng'ombe ni yule yule, na daktari ni yule yule.

Inafaa kukumbuka kwamba Linux yenyewe ilianza kwa maswali ya aina hii. Mwaka wa 1991 Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Tarehe 3 Julai aliandika katika kundi la watumiaji wa mfumo mdogo ulioitwa Minix, akieleza kwamba ana mradi anaoufanya, na akauliza ni wapi angepata maandishi ya kanuni za POSIX. Tarehe 25 Agosti alirudi kwenye kundi hilo hilo, akasema anatengeneza mfumo wake kama jambo la kujifurahisha, na akauliza watu wanapenda nini na hawapendi nini katika Minix. Mmoja wa waliomsaidia, Ari Lemmke, alimpa nafasi ya kuhifadhi kazi yake kwenye seva aliyoisimamia, na ndiye aliyeiita nafasi hiyo Linux. Jina likabaki. Miaka 13 baadaye, mwaka wa 2004, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha toleo lililoitwa Ubuntu, neno ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa: ni utu. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo mkazi anayeingia katika jumuiya hizi asijione mgeni aliyekuja kuomba unga wa watu.

Sasa uchukuliwe mfano. Msichana ana saiba ndogo karibu na stesheni ya reli. Ana laptopu mbili, printa moja, na benchi nje la wanaosubiri. Ni tarehe 28 Juni. Siku mbili zimebaki kabla ya kufungwa kwa muda wa kuwasilisha ritani za KRA, na wazee wenye PIN lakini wasio na mshahara wamejaa kwenye benchi wakitaka kuwasilishiwa ritani tupu, kwa maana anayechelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000. Usiku uliopita laptopu yake kubwa, yenye Linux Mint, ilipokea masasisho. Asubuhi waifai haipo. Haijakatika, alama yenyewe imetoweka kwenye skrini. Laptopu ya pili ina betri iliyokufa na stima inakuja na kwenda.

Kwa haraka anaandika kwa simu katika jukwaa la Linux Mint: "Naomba msaada!!! Waifai haifanyi kazi, ni dharura, wateja wanangoja." Saa mbili zinapita. Jibu moja tu linakuja, nalo ni swali: ni kompyuta gani?

Hakuna aliyemdharau. Aliyesoma ujumbe ule huko Chicago au Warsaw hakuwa na pa kuanzia. Waifai hukosekana kwa sababu ishirini tofauti, kuanzia kitufe kilichobonyezwa kimakosa hadi kadi iliyoungua. Neno "dharura" nalo halimsogezi mtu anayejitolea. Wakati mwingine humfukuza, kwa sababu linamwambia kwamba kazi yake binafsi ni nyepesi kuliko ya mwenzake. Hapa pana tofauti ya desturi ambayo huwaumiza watu wetu. Kwetu heshima huanza kwa salamu ndefu na kuulizana habari za nyumbani. Katika majukwaa haya salamu moja inatosha, na heshima huonekana katika kazi ambayo muulizaji ameifanya kabla ya kuuliza. Mwenye kujieleza kwa ukamilifu bila "tafadhali" hata moja huhesabiwa kuwa na adabu kuliko mwenye "tafadhali" kumi na maelezo sifuri. Ni desturi kavu, lakini ndiyo iliyopo.

Jambo la pili ni kutafuta kwanza. Maneno ya kosa yaliyo kwenye skrini yanakiliwa kama yalivyo, herufi kwa herufi, na kuwekwa kwenye kisanduku cha kutafutia pamoja na jina la toleo. Mara nyingi mtu mwingine alipatwa na hayo hayo. Hata asipopata jibu, muulizaji anaweza kuandika "nilijaribu hili na hili, halikusaidia," na sentensi hiyo moja humwondolea msaidizi nusu ya kazi.

Msichana wa saiba anarudi. Mtu aliyemuuliza ni kompyuta gani ameongeza dokezo: aunganishe simu kwa waya wa USB na awashe kushiriki intaneti kwa njia ya waya. Linux huitambua simu hivyo bila kuongezewa kitu. Wengi hawajui hili, kwa kuwa wamezoea kugawa bando kwa hotspoti, na hotspoti inahitaji waifai ile ile iliyokufa. Waya uwe wa kupitisha data, si ule wa bei ya chini unaochaji tu. Kwa dakika tano laptopu ina intaneti, na wazee wawili wa kwanza wanahudumiwa. Angeweza kuachia hapo. Lakini bando la simu ni ghali na kesho ni foleni ndefu zaidi, kwa hiyo anaandika swali lake upya, safari hii akiwa kwenye laptopu:

"Habari. Waifai ya laptopu yangu imetoweka baada ya masasisho ya jana usiku. Kabla ya hapo ilifanya kazi miezi minne bila tatizo. Natumia Linux Mint. Hakuna mtandao wowote unaoonekana kwenye orodha. Nimezima na kuwasha, na nimehakikisha kitufe cha waifai hakijazimwa. Amri ya lspci -nnk inaonyesha kadi ni Broadcom BCM43142, nambari 14e4:4365. Matokeo kamili ya inxi -Fz nimeyaweka hapa chini. Kwa sasa natumia intaneti ya simu kwa waya. Nataka kurudisha waifai."

Na kichwa cha swali hakisemi tena "naomba msaada." Kinasema: "BCM43142 imetoweka baada ya sasisho la keneli, Linux Mint."

Hicho kichwa ndicho kinachofanya kazi kubwa. Anayeijua kadi ya Broadcom hufungua papo hapo, na asiyeijua hupita bila kupoteza muda. Nambari zile mbili ndogo, 14e4:4365, humtambulisha mtengenezaji na kadi yenyewe kuliko stika iliyo chini ya laptopu. Neno "baada ya masasisho" linaelekeza moja kwa moja kwenye chanzo: kadi hii hutegemea draiva ambayo haimo ndani ya keneli na hujengwa upya kila keneli inapobadilika. Ujenzi ukishindikana, kadi hubaki bila draiva. Matokeo yameletwa kwa maandishi, si kwa picha ya skrini iliyopigwa na simu, kwa kuwa maandishi yanaweza kunakiliwa na kutafutwa. Picha ni ya pale tu mashine inapokataa kuwaka.

Lugha isimtie mtu hofu. Kiingereza cha shule ya msingi kinatosha, na anayeandika sentensi fupi hueleweka kuliko anayejipamba.

Jibu linakuja baada ya dakika arobaini. Kwenye orodha ya keneli wakati wa kuwasha, achague ile ya zamani chini ya chaguo za ziada. Orodha isipoonekana, abonyeze Esc au ashikilie Shift mashine inapoanza. Akifanya hivyo waifai inarudi. Kisha, kwa nafasi yake, aondoe na kuweka upya kifurushi cha bcmwl-kernel-source, na kama mashine imewashiwa Secure Boot afuate hatua ya kuidhinisha draiva hiyo.

Kabla hajagusa kitu, msichana anafanya jambo ambalo kila mkazi anapaswa kulifanya: anatafuta maana ya kila amri aliyopewa. Wengi mtandaoni ni watu wema, ila si wote. Amri inayoanza na sudo ina mamlaka ya kufuta chochote, na utani wa zamani wa kumwambia mgeni aandike rm -rf ungali unazunguka. Amri isiyoeleweka huulizwa: "hii inafanya nini?" Msaidizi mwema haudhiki na swali hilo. Faili za kazi nazo huwekwa nakala kwenye diski ya nje kwanza. Na mtu yeyote anayemwita muulizaji kando, akitaka kuiendesha kompyuta yake kwa mbali au atumiwe pesa kwa M-Pesa kwanza, aachwe alivyo. Msaada wa kweli hutolewa hadharani, ambapo wengine wanaweza kuusahihisha.

Kuna na upande wa wateja. Laptopu ya saiba ina majina, nambari za vitambulisho na PIN za watu. Picha ya skrini iliyotumwa haraka haraka inaweza kuanika ritani ya jirani mbele ya dunia nzima, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haimwachilii mwenye biashara kwa sababu tu ni ndogo. Ile herufi z katika inxi -Fz haikuwekwa bure. Huficha anwani za mtandao na nambari za utambulisho wa mashine. Nenosiri halibandikwi popote, hata kwa anayejiita msimamizi.

Si kila siku itakwenda hivi. Pengine jibu litakuwa kali: soma mwongozo. Mwaka wa 2001 Eric Raymond aliandika makala maarufu juu ya namna ya kuuliza maswali kwa busara, na ukali huo ameutetea humo kwa kirefu. Baadhi ya jumuiya zimelegeza kamba tangu hapo, na zimefanya vyema, kwa kuwa ukali hauongezi maarifa ya mtu. Aliyeambiwa asome mwongozo na aulize ni sehemu ipi, kwa utulivu, bila kurudisha matusi. Asipojibiwa kabisa, angoje siku moja, aongeze habari mpya kwenye swali lile lile, asilifungue upya mahali pengine patatu. Wanaojitolea hutambua swali lililotawanywa, na kila mmoja hudhani mwingine ameshalijibu.

Saa tisa alasiri waifai ya saiba imerudi. Benchi limepungua, mzee wa mwisho anaweka risiti yake ya KRA kwenye mfuko wa koti. Kabla ya kufunga, msichana anarudi kwenye swali lake na kuandika mistari mitatu: keneli aliyoirudia, kifurushi alichokiweka upya, na kwamba hatua ya Secure Boot ilimlazimu kuwasha mashine mara mbili. Anaongeza neno "imetatuliwa" kwenye kichwa, anamshukuru aliyemjibu kwa jina alilotumia pale, na anauacha waya wa USB ndani ya droo ya meza, karibu na karatasi za printa.