Amepatikana na Hatia, Adhabu Bado: Tufanye Nini Siku Hizi za Kungoja?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Nakalale)



Tunawashukuru kwa kuacha kazi za mifugo, vikapu na bodaboda mkaja kukaa nasi. Vikundi kadhaa vimetuletea swali moja, nalo ni hili: "Mtu ameshapatikana na hatia ya kuua. Mbona jaji hamfungi siku hiyo hiyo? Ama wanangoja kitu kidogo?" Swali ni zuri. Lisipojibiwa, watu hujijibu wenyewe, na majibu hayo huleta damu nyingine.

Siku mbili, kazi mbili

Kwa Kiswahili chetu cha kila siku tunaita mambo mawili kwa jina moja: hukumu. Kwanza jaji anaamua kama mtu aliua au hakuua. Hiyo ni siku ya kwanza. Baadaye anaamua atapewa adhabu gani. Hiyo ni siku ya pili. Katikati kuna wiki, na wakati mwingine miezi.

Tukumbuke pia kwamba kesi ya mauaji husikizwa na Mahakama Kuu. Mahakama ya Kakuma haiwezi kuimaliza. Kwa hivyo shahidi wa huku kwetu hutoka Nakalale, akapita Kakuma, kisha akasafiri kilomita zipatazo 120 mpaka Lodwar. Huko mbali maneno hubaki nyuma, na kinachofika kijijini kwanza ni uvumi.

Tujifunze kwa kesi ya Willie Kimani

Wengi mliisikia redioni. Willie Kimani alikuwa wakili wa International Justice Mission, shirika la Kikristo linalotetea wanyonge. Alikuwa akimtetea Josephat Mwenda, kijana wa bodaboda aliyepigwa risasi na askari mwaka 2015, akathubutu kushtaki. Tarehe 23 Juni 2016 walitoka mahakama ya Mavoko pamoja na dereva wao wa teksi, Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Wiki moja baadaye miili yao ilipatikana mtoni Ol Donyo Sabuk, Kaunti ya Machakos. Mawakili waliandamana na kususia mahakama. Nchi nzima ilikasirika.

Hasira peke yake haikushinda kesi. Walipokuwa wamefungiwa katika kituo cha polisi wa utawala huko Syokimau, mmoja wao aliandika ujumbe kwenye karatasi ya choo akautupa nje. Mpita njia mmoja aliuokota akapiga simu. Mtu wa kawaida tu, jameni! Baadaye mashahidi zaidi ya 40 walisimama kortini. Tarehe 22 Julai 2022, miaka 6 baada ya mauaji, Jaji Jessie Lessit aliwapata na hatia maafisa 3 wa polisi na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao. Afisa wa nne aliachiliwa.

Hapo maneno yalianza. Kuna waliosema wanyongwe mara moja. Kuna walioona haki imekuja, lakini imechelewa mno. Wengine waliuliza: mbona huyu mmoja ameachiliwa? Adhabu ilitolewa tarehe 3 Februari 2023, baada ya zaidi ya miezi 6 ya kungoja. Afisa mmoja, Fredrick Leliman, alipewa adhabu ya kifo. Wengine walifungwa miaka 30, 24 na 20.

Mnaona? Watu wanne, kosa moja, adhabu nne tofauti. Jaji alipima sehemu ya kila mmoja. Na korti ikimwachilia mmoja ikawatia wengine hatiani, tusikimbilie kusema imenunuliwa. Hata Kumbukumbu la Torati inatufundisha kwamba shahidi mmoja hatoshi, lazima wawe wawili au watatu. Kila mtu huhukumiwa kwa ushahidi uliomgusa yeye.

Jaji anafanya nini wakati huo wa kungoja?

Zamani hakukuwa na la kungoja. Sheria ilisema muuaji lazima ahukumiwe kifo, basi. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilisema neno "lazima" linakiuka Katiba. Adhabu ya kifo haikuondolewa, lakini jaji sasa ana ruhusa ya kupima. Na ili apime, anahitaji kusikia. Anasikia watu watatu:

1. Mwenye hatia na wakili wake. Ana umri gani? Ni kosa la kwanza? Anajuta? Anaweza kubadilika?

2. Afisa wa probesheni. Huyu anaweza kufika mpaka kijijini akaongea na familia zote mbili, chifu na majirani, kisha akaandika ripoti.

3. Familia ya marehemu. Sheria inawapa nafasi ya kueleza mauaji yamewaumiza vipi: watoto wameacha shule, mbuzi wameuzwa, mama halali usiku. Waombeni upande wa mashtaka mapema, wasingoje siku yenyewe.

Kwa hivyo siku hizi si za bure. Ni siku ambazo sauti ya kijiji inaweza kufika kortini kwa njia halali. Afisa wa probesheni akija na kila mtu ajifiche, ataandika nini? Na akidanganywa, jaji atapima kwa mizani iliyopinda.

Kuhusu kunyonga, tuseme wazi. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Marais wamegeuza hukumu nyingi za kifo kuwa kifungo cha maisha, kama mwaka 2009 na 2016. Na Kanisa letu, tangu Papa Fransisko aliporekebisha Katekisimu mwaka 2018, linafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Kusema hivyo si kumpenda muuaji kuliko marehemu. Someni Mwanzo, sura ya 4. Mungu aliisikia damu ya Abeli ikilia kutoka ardhini. Alimwadhibu Kaini. Lakini pia alimwekea alama ili mtu yeyote asimuue. Adhabu ilikuwepo, na mlolongo wa kuuana ulikatwa.

Je, mifugo?

Wazee wameuliza: "Si tulipe mifugo yaishe?" Tunaheshimu njia ya wazee. Wakikaa chini ya mti, wakahesabu fidia na kupatanisha koo mbili, wanaokoa maisha ya vijana wengi. Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inataja njia za kienyeji. Mwaka 2013 kesi moja ya mauaji huko Nairobi iliondolewa baada ya familia mbili za wafugaji kukubaliana na fidia ya ngamia na mbuzi kulipwa.

Lakini tuangalie vizuri. Katika kesi ile upande wa mashtaka ndio ulioomba, na jaji akakubali, tena kabla ya uamuzi wa hatia. Si mlango uliofunguliwa kwa kila mtu. Mtu akishapatikana na hatia, wazee hawawezi kumchukua kutoka mkononi mwa jaji. Mapatano yao yanaweza kuelezwa kortini, naye jaji ayapime. Pia tujiulize: mifugo ikija, inaenda kwa nani? Ikiishia kwa shemeji na wajomba, mjane na mayatima wabaki mikono mitupu, hiyo tuite fidia kweli?

Sasa kazi ya kikundi

Mke wa marehemu na mama wa mwenye hatia huchota maji kwenye pampu moja. Pengine wako katika kikundi kimoja na wanaweka akiba katika sanduku moja. Hapo ndipo kesi inapoumiza. Kwa hivyo tunawaomba hivi:

- Msimtoe mtu kikundini kwa sababu ya kosa la ndugu yake. Mama hakuua. Mtoto hakuua. Hisa yake ni yake, na zamu yake ya maji ni yake.

- Chagueni watu wawili waaminifu, mmoja kutoka kila upande, waende Lodwar siku ya adhabu. Warudi waeleze baraza walichosikia kwa masikio yao. Uvumi utakosa chakula.

- Mfuko wa dharura unaweza kukopesha nauli. Andikeni kwenye kitabu. Nauli isaidie mtu kufika, isinunue maneno yake.

- Adhabu ikitolewa, mwenye hatia anaweza kukata rufaa, na hupewa siku 14 kutoa taarifa. Mkisikia "amekata rufaa", msiseme "ameachiliwa". Ni mambo mawili tofauti.

- Kijana akianza kusema "tutamalizia wenyewe", wazee wamwite siku hiyo hiyo. Kesi moja kortini inatosha.

- Mjane aendelee kutembelewa hata baada ya magari ya korti na ya redio kuondoka. Miaka 30 ya kifungo haimletei unga jioni.

Ndugu zetu, jaji ataamua mtu akae gerezani miaka mingapi. Hawezi kuamua kama sisi tutaendelea kuchota maji pamoja. Hiyo kazi ametuachia sisi.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kijiji chetu, habari za korti hutufikia kupitia kwa nani? Tunawezaje kujua ni za kweli?

2. Ni nani kati yetu anaogopa kutoa ushahidi? Anaogopa nini, na kikundi kinaweza kumsaidia vipi bila kumwambia la kusema?

3. Fidia ikilipwa kwetu, mjane na mayatima wanapata sehemu gani? Tungetaka iwe vipi?

Mungu awabariki na awape amani ya kweli. Amina.